Kutoka Jenomu hadi Pingili: Data za Tabaka Nyingi katika Uboreshaji wa Mbegu za Muhogo

Mheshimiwa Mwenyekiti, watafiti wenzangu, maafisa ugani, wanafunzi wetu wa kilimo, na ninyi wakulima mlioacha kazi zenu kuja kutusikiliza,

Nimeombwa nizungumze juu ya jenomiki tendaji, yaani elimu ya kazi zinazofanywa na jeni, na juu ya data za tabaka nyingi za kibiolojia, na namna elimu hiyo inavyoweza kuharakisha upatikanaji wa mbegu bora. Mada ni pana, na mtu akitaka kuikumbatia yote ataishia kutaja majina ya mashine huku wasikilizaji wakiondoka mikono mitupu. Kwa hiyo nitajifunga kwenye zao moja, muhogo, na hasa kwenye magonjwa yake mawili yanayoletwa na virusi, batobato na michirizi ya kahawia, kwa kuwa sijui zao jingine ambalo historia ya utafiti wa hapa nyumbani na sayansi hii mpya vimeshikana kwa karibu kiasi hicho. Ninalotaka kulitetea ni jambo moja. Wingi wa data si maendeleo. Data ya jenomu, yaani ya maandishi yote ya DNA ya mmea, hupata thamani siku inapomwezesha mboreshaji wa mbegu kuamua, mapema na kwa uhakika zaidi kuliko zamani, mche upi ubaki shambani na upi ung'olewe.

Tuanze Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki. Ugonjwa wa batobato uliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1894, na Mjerumani Otto Warburg, kutoka katika nchi ambayo leo ni Tanzania. Michirizi ya kahawia nayo ilielezwa mwaka 1936 na H. H. Storey, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani. Storey, pamoja na R. F. W. Nichols na baadaye D. L. Jennings, walitafuta ukinzani ndani ya muhogo wenyewe, na walipoona hautoshi wakaugeukia mti wa jamii yake, Manihot glaziovii, ulioletwa Afrika kutoka Brazili kwa ajili ya utomvu wa mpira. Mti huo haukupi mzizi wa kula. Ilibidi chotara wake wapandanishwe tena na muhogo, na watoto wao tena, na wajukuu tena, ili mizizi minene irudi na ukinzani usipotee njiani. Kazi hiyo ilifanywa kwa macho, daftari na subira, sehemu yake kubwa kabla ya mtu yeyote kujua umbo la DNA, na programu ya Amani ilifikia mwisho wake mwaka 1957.

Matunda yake yalikwenda mbali. Mbegu zilizopelekwa Nigeria zilitoa mmea uliopewa namba 58308, ambao baadaye ulitumiwa na IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto iliyoko Ibadan, kama chimbuko la aina nyingi zinazokinza batobato. Mmea mwingine wa Amani, wenye namba 46106/27, ulibaki mikononi mwa wakulima, ukaitwa Namikonga kusini mwa Tanzania na Kaleso katika pwani ya Kenya. Wakulima hao ndio walioutunza kwa kuupanda mwaka hadi mwaka, kwa miongo iliyofuata baada ya programu ya Amani kufikia mwisho, na nawashukuru hadharani kwa sababu sehemu kubwa ya sayansi ninayokwenda kuieleza ingekuwa haina kitu cha kuchunguza bila wao.

Ilipofika mwaka 2004, michirizi ya kahawia ilionekana Uganda katika maeneo yaliyo juu ya mita 1000 kutoka usawa wa bahari, wakati kwa muda mrefu iliaminika kuwa ni ugonjwa wa pwani na wa nyanda za chini. Mlioushuhudia mnajua ubaya wake. Batobato hujitangaza kwenye majani, na mkulima anaiona mapema. Michirizi ya kahawia inaweza kuuacha mmea ukiwa na majani ya kuvutia, na siku ya kuchimba ndipo unapoukata mzizi na kukuta umeoza kwa ndani, mkavu, wenye madoa ya kahawia, usiofaa kwa ugali, kwa makopa wala kwa mifugo. Ugonjwa unaojificha hivyo ndio unaohitaji zaidi njia ya kumwezesha mboreshaji kuona kile ambacho jani halionyeshi.

Sasa niingie kwenye jenomu. Rasimu ya kwanza ya jenomu ya muhogo ilitangazwa mwaka 2009, kutokana na mmea AM560-2 uliotayarishwa CIAT, kituo cha kimataifa cha kilimo cha nchi za joto kilichoko nchini Kolombia. Muhogo una jozi 18 za kromosomu na jeni zipatazo elfu thelathini na kitu. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti uliosoma jenomu za mihogo ya kulimwa pamoja na za ndugu zake wa porini, na humo vipande vya Manihot glaziovii vikaonekana waziwazi ndani ya kromosomu za aina zinazolimwa Afrika, Namikonga ikiwamo. Yale ambayo Nichols na Jennings waliyafanya kwa kupandanisha na kuchagua, sasa yanaweza kuonyeshwa kwenye ramani, kipande kwa kipande, na mboreshaji anaweza kuuliza swali ambalo wao hawakuwa na njia ya kuliuliza: kati ya vipande hivi vilivyotoka kwenye mti wa mpira, kipi kinaleta ukinzani, na kipi ni mzigo tu uliofuatana nacho?

Hapo ndipo kusoma jenomu peke yake kunapofika ukomo. Jenomu ya mmea ni kama daftari la wakazi wa kijiji: linakuambia nani anaishi pale, lakini halikuambii nani ameamka alfajiri ya leo kwenda kazini na nani bado amelala. Jenomiki tendaji ndiyo elimu inayouliza habari za kazi. Hupima nakala za RNA ambazo jeni hutoa zinapokuwa zimeamshwa, hupima protini zinazotengenezwa kutokana na nakala hizo, hupima kemikali zinazozalishwa na protini hizo, kama sukari, wanga, karotini na vitu vinavyotoa sianidi, na hutazama pia alama za kikemikali zinazobandikwa juu ya DNA na kubadili utendaji wa jeni bila kubadili maandishi yake. Vipimo hivi vikifanywa kwenye mimea ileile, kwa wakati uleule, na kuunganishwa na yale yaliyoonekana shambani, ndipo tunaposema tuna data za tabaka nyingi. Nasisitiza maneno "mimea ileile", kwa maana nimeona mara nyingi tabaka moja likitoka kwenye miche ya maabara, jingine kwenye shamba la msimu mwingine, kisha vyote vikachanganywa katika kompyuta kana kwamba ni kitu kimoja.

Nichukue mfano wa Namikonga, maana unaonyesha hatua zenyewe. Watafiti wa Tanzania na washirika wao waliipandanisha Namikonga na Albert, aina inayoshambuliwa vikali na michirizi ya kahawia, wakapata familia kubwa ya miche, kisha wakaipanda Naliendele mkoani Mtwara na Chambezi mkoani Pwani, ambako ugonjwa huja wenyewe bila kualikwa. Walihesabu madoa kwenye majani na kukata mizizi, wakalinganisha matokeo na alama za vinasaba za kila mche, yaani sehemu za DNA zinazotofautiana kati ya mche na mche. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kuwa ukinzani wa Namikonga kwenye mizizi unahusiana na maeneo yaliyo katika kromosomu ya 2, ya 11 na ya 18. Hiyo ni hatua kubwa, kwa sababu kabla ya hapo tulijua tu kwamba Namikonga inakinza, bila kujua wapi. Hata hivyo, eneo moja la namna hiyo huweza kubeba jeni nyingi sana, na mboreshaji anayelihamisha lote huhamisha pamoja nalo mambo asiyoyataka.

Mwaka huohuo wa 2017 ulichapishwa utafiti mwingine juu ya aina hizohizo mbili. Safari hii Namikonga na Albert ziliunganishwa kwa kupandikiza na mashina yenye kirusi cha Uganda cha michirizi ya kahawia, na majani yakachukuliwa kwa awamu, tangu saa za mwanzo hadi wiki kadhaa baadaye, ili RNA yake isomwe. Ilionekana kwamba mimea hii miwili haitofautiani tu katika kile ilicho nacho, bali pia katika jeni inazoziamsha na wakati inapoziamsha: katika Namikonga ziliamka jeni za kujilinda ambazo katika Albert hazikufuata mwenendo huo. Orodha ya jeni zilizoamka ilikuwa ndefu, nayo haikuthibitisha kwamba jeni fulani ndiyo chanzo cha ukinzani, kwani jeni inaweza kuamka kwa sababu mmea unaumwa tu. Lakini weka orodha hiyo juu ya ramani ya kromosomu, na zile jeni zinazopatikana katika orodha na pia ndani ya maeneo ya ramani zinabaki chache. Kupunguza washukiwa ndiyo faida halisi ya kuunganisha tabaka. Hakuna tabaka moja linalotoa hukumu.

Hukumu hutolewa na jaribio linalogusa jeni yenyewe, na muhogo umeshatupa mifano miwili mizuri. Wa kwanza unahusu virusi vya michirizi ya kahawia. Virusi hivi, kama jamaa zake wengi, hutegemea protini za mmea za kundi linaloitwa eIF4E ili vizaliane. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019, watafiti walihariri jeni mbili za kundi hilo, nCBP-1 na nCBP-2, na mimea iliyokuwa imeharibiwa zote mbili ikaonyesha dalili hafifu zaidi za ugonjwa, mizizini pia. Ugonjwa haukutoweka kabisa, na ni vizuri kulisema hilo wazi, lakini sasa tunajua mlango mmojawapo ambao kirusi hupitia, na mboreshaji asiyetaka kuhariri jeni anaweza bado kutafuta katika hazina ya mihogo yetu mimea ambayo mlango huo kwake umedhoofika kwa asili.

Mfano wa pili ninaupenda zaidi. Ukinzani mkubwa wa batobato unaotumiwa leo barani Afrika, unaoitwa CMD2, ulipatikana katika mihogo ya wakulima wa Nigeria, na wataalamu walijua kwa miaka mingi kwamba uko kwenye kromosomu ya 12 bila kujua ni jeni ipi. Kisha likatokea jambo la kushangaza: mihogo yenye CMD2 ilipopitishwa maabara katika njia ya kuurudisha mmea hadi hali ya seli zisizo na umbo na kuukuza upya kutoka hapo, ukinzani ulipotea, ingawa mimea iliyozidishwa kwa vipingili vya kawaida iliendelea kuwa salama. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uliunganisha ramani za kina za vinasaba na usomaji wa aina nyingi za muhogo, ukafika kwenye jeni inayotengeneza sehemu ya polimerasi ya DNA, yaani chombo ambacho mmea hutumia kunakili DNA yake. Watafiti walipoinyamazisha jeni hiyo kwa muda katika mhogo unaoshambuliwa, yakatoka majani yasiyo na dalili. Ukifikiri kidogo unaona mantiki yake: virusi vya batobato ni virusi vya DNA, havina polimerasi yao, na hulazimika kuazima ya mmea. Kwa miaka mingi tulikuwa tukizitafuta jeni zile za kawaida zinazotambua adui na kupiga kengele, kumbe ukinzani wenyewe ulikuwa katika kumnyima mgeni chombo cha kufanyia kazi. Bila uchunguzi wa utendaji wa jeni, tusingefika hapo kwa ramani peke yake.

Kwa mboreshaji, maarifa haya yanageuka kuwa alama ya bei nafuu. Anakata kipande kidogo cha jani la mche wenye wiki chache, anakipeleka maabara, na anarudishiwa jibu kama mche huo umebeba toleo linalotakiwa au la. Miche isiyonalo haihitaji kuchukua eka, mbolea na mishahara ya vibarua kwa miaka miwili ili ijidhihirishe kuwa haifai.

Lakini ukinzani wa michirizi ya kahawia, mavuno, na kiasi cha wanga kwenye mzizi havitawaliwi na jeni moja. Kwa sifa za namna hii hutumika uchaguzi wa kijenomu, njia iliyopendekezwa na Meuwissen, Hayes na Goddard mwaka 2001 na kutumika kwanza kwa kishindo katika ng'ombe wa maziwa. Unachukua kundi la mimea iliyopimwa vizuri shambani na kusomwa vinasaba, unajenga mlinganyo unaohusisha alama maelfu na sifa unayoitaka, kisha unautumia mlinganyo huo kukadiria ubora wa miche mipya iliyosomwa vinasaba tu. Mradi wa NextGen Cassava, ulioanza mwaka 2012 chini ya uongozi wa Chuo Kikuu cha Cornell, ulileta njia hii katika vituo vya Namulonge nchini Uganda, Umudike na Ibadan nchini Nigeria, na baadaye kwetu Tanzania kupitia TARI, taasisi yetu ya utafiti wa kilimo. Data zake zimewekwa katika hifadhi ya wazi iitwayo CassavaBase, ambayo mwanafunzi yeyote aliye hapa anaweza kuifungua jioni ya leo.

Kwa muhogo faida kuu ya njia hii ni muda. Katika utaratibu wa zamani, kuanzia uchavushaji hadi aina mpya kuidhinishwa, hupita miaka minane, kumi au zaidi, kwa sababu mmea mmoja hutoa pingili takriban kumi tu, na ni lazima uongeze mbegu msimu baada ya msimu kabla ya kuwa na vya kutosha kupanda katika majaribio ya maeneo mengi. Uchaguzi wa kijenomu haufupishi majaribio ya mwisho, na msikubali kuambiwa kwamba unayafuta. Unachofupisha ni kusubiri kabla ya kupandanisha tena: wazazi wa kizazi kijacho wanaweza kuchaguliwa wakiwa bado miche.

Watu huuliza kama kuongeza data za RNA, protini na kemikali ndani ya mlinganyo huo huufanya uwe sahihi zaidi. Jibu langu ni kwamba huwa inasaidia, mara nyingi kwa kiasi kidogo, na hasa pale tabaka la nyongeza linapokuwa karibu na sifa yenyewe. Kemikali za mzizi zinakaribia ladha, uchungu na rangi ya mzizi kuliko maandishi ya DNA yanavyokaribia mambo hayo. Fikirini suala la sianidi. Mhogo mchungu una viambata, hasa linamarini, vinavyotoa sianidi tishu zinapopondwa, na pale wananchi wanapolazimika na njaa kufupisha uloweshaji na uanikaji, hutokea konzo, ugonjwa wa kupooza miguu ulioikumba Msumbiji mwaka 1981 na uliowahi kuonekana Tarime pia. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kuwa sehemu kubwa ya tofauti ya sianidi mizizini inahusiana na jeni ya kisafirishaji iliyo kwenye kromosomu ya 16, inayohusika na kuhamisha na kuhifadhi viambata hivyo. Kwa hiyo mzizi unaweza kuwa mtamu bila kuzima kiwanda chote cha sianidi, ambacho majani yanakihitaji kujilinda dhidi ya walaji.

Rangi ya njano nayo ina funzo. Badiliko la herufi moja katika jeni iitwayo PSY2 huongeza karotini mzizini, na ndicho kiini cha mihogo yenye vitamini A iliyoanza kutolewa kwa wakulima Nigeria mwaka 2011. Waboreshaji waliona mapema kwamba katika mihogo ya Afrika, kadiri rangi ya njano inavyokolea ndivyo wanga unavyoelekea kupungua, na mkulima anayetaka ugali mgumu hawezi kuukubali mhogo wa maji hata ukiwa na vitamini kiasi gani. Karibu na PSY2, kwenye kromosomu ya 1, kuna jeni ya kimeng'enya cha sukari, na swali likawa: je, hizi ni jeni mbili jirani zinazorithiwa pamoja, au ni jeni moja yenye athari mbili? Swali hilo si la kitabuni. Kama ni majirani, familia kubwa ya miche itatupatia siku moja mche uliozitenganisha, na inafaa kuutafuta. Kama ni jeni moja, tunapoteza miaka, na ni afadhali tutafute wanga kwa njia nyingine. Vipimo vya sukari, wanga na karotini katika mizizi ileile, pamoja na RNA yake, ndivyo vinavyoweza kutenganisha hali hizi mbili.

Jambo jingine ambalo jenomu imetufunulia linahusu namna tunavyoupanda muhogo. Kwa kuwa tunapanda pingili na si mbegu ya ua, makosa madogo katika DNA hujikusanya kizazi hadi kizazi, yakiwa yamefichwa na nakala nzima iliyo upande wa pili wa jozi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017, uliosoma mihogo 241 ya kulimwa na ya porini, ulionyesha mzigo huu wa mabadiliko yenye madhara. Ndiyo maana mhogo ukijichavusha wenyewe, watoto wengi huwa dhaifu: yaliyofichwa hukutana. Mboreshaji anayejua makosa hayo yako wapi anaweza kuchagua wazazi wasiobeba kosa lilelile, na hapo ongezeko la mavuno linaweza kutoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa akipatazama.

Ndugu zangu, sasa nije kwenye jambo linaloniumiza. Gharama ya kusoma DNA imeshuka sana. Kusoma mzizi hakujashuka bei. Mlinganyo wowote wa kijenomu hujengwa juu ya alama zinazoandikwa na mtu aliyesimama juani, mwenye kisu, anayekata mzizi vipande na kuupa namba kuanzia 1 hadi 5 kulingana na kiasi cha uozo. Mtu huyo akichoka, au akipewa siku mbili kufanya kazi ya siku tano, hakuna programu ya kompyuta itakayoweza kurejesha ukweli alioupoteza. Zaidi ya hapo, mche usio na ugonjwa si lazima uwe mkinzani. Huenda inzi weupe, wanaoeneza virusi hivi, hawakuufikia msimu ule. Dalili za majani na za mizizi mara nyingi haziendi pamoja. Kwa sababu hizo, mashamba ya majaribio yaliyo katika maeneo yenye ugonjwa mkali, na watu wenye uzoefu wa kuyasoma, ni rasilimali ya sayansi hii sawa na mashine za maabara, na bajeti zetu zinapaswa kuonyesha hivyo. Nimewahi kuona mradi ukinunua vifaa vya thamani kubwa huku fundi wa shamba akikosa fedha za mafuta ya pikipiki ya kumfikisha kwenye jaribio.

Utambulisho wa mimea nao unahitaji uangalifu mkubwa. Muhogo mmoja una majina matano katika wilaya tano, na jina moja hubebwa na mihogo mitatu tofauti. Kibandiko kikibadilishwa wakati wa kufunga pingili, RNA ya mmea mmoja itasomwa pamoja na mizizi ya mmea mwingine, na hitimisho litakuwa zuri kwenye karatasi na la uongo shambani. Dawa yake ipo na ni rahisi: soma vinasaba vya kila mmea kabla ya kupanda na baada ya kuvuna, na ulinganishe. Kituo kisichoweza kufanya hivyo kisianzishe tabaka la pili la data.

Niliulizwa nje ya ukumbi kama mbegu zinazochaguliwa kwa njia hizi ni mbegu zilizohamishiwa jeni za viumbe vingine. Hapana. Kutumia alama za vinasaba na uchaguzi wa kijenomu ni kuchagua miongoni mwa watoto wa upandanishaji wa kawaida, kama walivyofanya Amani, ila kwa jicho linaloona zaidi. Uhariri wa jeni na uhamishaji wa jeni ni mambo mengine, yana sheria zake, na kila nchi ina msimamo wake. Kenya, kwa mfano, iliidhinisha mwaka 2021 muhogo uliohamishiwa ukinzani wa michirizi ya kahawia. Mkulima ana haki ya kuelezwa tofauti hizi kwa lugha iliyonyooka kabla ya kupewa pingili, na afisa ugani asiyeweza kuzieleza hajaandaliwa vya kutosha na sisi watafiti.

Tena mkulima aingizwe mapema, wakati mboreshaji anapoamua uzito wa kila sifa katika mlinganyo wake. Kuna mambo ambayo kaya nyingi huyapima kabla ya kupima mavuno: kama mhogo unatafunika mbichi, kama unaiva haraka chunguni na kuwa laini, kama makopa yake yanatoka meupe, kama unavumilia kukaa ardhini hadi mwaka wa pili bila kuoza au kuwa na nyuzi, kama kisamvu chake kinalika. Mengi ya haya yanaweza kupimwa, mengine kwa kemikali, mengine kwa vifaa vya mwanga wa infraredi vinavyokadiria wanga na karotini kwa dakika chache. Lakini hayataingia kwenye mlinganyo kama hakuna aliyeyaorodhesha, na wanaoyajua vizuri zaidi ni wanawake wanaomenya, wanaoanika na wanaopika.

Kwa vijana walio hapa nina ombi mahususi. Tuna wataalamu wazuri wa kutoa RNA kwenye jani, na tunao wazuri wa shamba. Tunao wachache mno wanaoweza kukaa katikati, wenye kumudu takwimu na programu za uchambuzi, na wakati huohuo wenye kuutambua mhogo mgonjwa kwa kuutazama. Sampuli nyingi za Afrika zimesomwa na kuchambuliwa ng'ambo, na hilo lilikuwa na sababu zake. Sababu hizo zinapungua: vifaa vidogo vya kusoma DNA vimeshatumiwa shambani Tanzania, Kenya na Uganda kutambua virusi vya muhogo mbele ya mkulima mwenyewe. Data za wazi za CassavaBase zinatosha kwa tasnifu nyingi za uzamili bila kununua hata chupa moja ya kemikali. Chukueni data za michirizi ya kahawia za misimu iliyopita, jengeni mlinganyo wenu, kisha njooni vituoni wakati wa kuvuna mkaone mlinganyo huo umekosea wapi, na mtuandikie orodha ya miche ambayo ninyi mngeibakiza na sisi tumeing'oa, ili msimu ujao tuipande bega kwa bega na yetu.

Ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Niko tayari kwa maswali.